Sheria iliyokosa wa kuitii: kisa cha mikopo ya mshahara Ohio

Mwishoni mwa 2008 mkazi mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani, aliingia katika duka la mikopo akatoka na dola 500, za kurudisha baada ya wiki mbili. Kwenye mkataba aliotia saini kulikuwa na ada ya kuchunguza kama anakopesheka, dola 10. Kulikuwa na ada ya kuandaa mkopo, dola 30. Kisha riba, dola 5 na senti 16. Jumla alidaiwa dola 545 na senti 16. Ukipiga hesabu vizuri utagundua kwamba riba haikupigwa juu ya dola 500 alizopokea, bali juu ya 540, yaani ada nazo zilizaa riba. Gharama yote ikigeuzwa kuwa ya mwaka inapita asilimia 235.

Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 4 Novemba 2008, siku ileile Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais, wapiga kura wa Ohio walikuwa wameulizwa kama wanaikubali sheria mpya iliyoweka ukomo wa riba wa asilimia 28 kwa mwaka kwa mikopo ya namna hiyo. Wakopeshaji ndio walioipeleka sheria hiyo kwenye kura ya wananchi, na walimwaga mamilioni ya dola kwenye matangazo ili ukomo huo ufutwe. Walishindwa vibaya. Karibu asilimia 64 ya wapiga kura walisema ubaki. Kwa hiyo bunge la jimbo lilikuwa limepitisha sheria, Gavana Ted Strickland alikuwa ameisaini tangu Juni, na wananchi wenyewe wakaipigia muhuri. Na bado mtu akakopeshwa kwa asilimia 235. Kesi ya deni hilo ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Ohio, na mwaka 2014 majaji wakasema mkopeshaji hakuvunja sheria.

Kisa hiki nakileta kwa kina kwa sababu kinagusa jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha popote penye bunge: mbunge anajifunzia wapi mambo ya fedha? Wabunge wa Ohio wa 2008 hawakukosa huruma kwa wananchi wao, na hawakukosa ujasiri wa kugombana na wenye pesa. Walichokosa ni mtu wa kuwakalisha chini na kuwaonyesha biashara hii inapataje faida, na ina milango mingapi ya kupitia. Somo hilo bunge lililipata miaka kumi baadaye, na sheria ya pili ikafanya kazi. Tofauti kati ya sheria hizo mbili ndiyo ninayotaka tuiangalie.

Kwanza, kwa nini jambo hili liwe la wabunge wa jimbo na si la Washington? Marekani haina ukomo mmoja wa riba kwa nchi nzima kwa mikopo ya raia wa kawaida. Kila jimbo lina wake. Hata sheria kubwa ya fedha ya 2010, iliyoanzisha ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, iliikataza ofisi hiyo waziwazi isiweke ukomo wa riba. Kwa hiyo bei ya mkopo wa dola 300 katika mji kama Springfield inaamuliwa na watu waliokaa Columbus, makao makuu ya jimbo: wajumbe 99 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 33. Wanatoka mashambani, shuleni, viwandani, kwenye ofisi za mawakili. Mwezi mmoja wanajadili barabara, mwezi unaofuata bima ya afya, halafu ghafla wanawekewa mezani muswada wenye maneno kama ada ya uandaaji, mkopo wa awamu moja, na huduma za udalali wa mikopo.

Kuna watumishi wa kuwasaidia. Ohio ina tume ya huduma za kibunge isiyoegemea chama, inayoandika miswada, uchambuzi wake na makadirio ya gharama zake kwa serikali. Kazi yao ni nzuri na ya kuaminika. Lakini uchambuzi wa namna hiyo unamweleza mbunge muswada unasema nini. Haumwelezi wakopeshaji watafanya nini asubuhi baada ya muswada kuwa sheria. Anayelijua hilo kwa uhakika ni mwenye biashara na washawishi aliowaajiri, na yeye hana sababu ya kulisema.

Halafu kuna ukomo wa mihula. Mwaka 1992 wananchi wa Ohio waliamua kwamba mjumbe asikae zaidi ya miaka minane mfululizo katika baraza moja. Nia ilikuwa njema, kuzuia watu kujichimbia madarakani. Ila matokeo yake kwenye sheria za fedha ni mazito. Mbunge anayeanza kuelewa tofauti ya leseni moja na nyingine yuko mlangoni anaaga. Mshawishi hana ukomo wa mihula. Alikuwepo sheria ilipotungwa mara ya kwanza, yupo inaporekebishwa, na atakuwepo wageni watakapoapishwa. Kumbukumbu ya jengo inahama kutoka kwa waliochaguliwa kwenda kwa walioajiriwa kuwashawishi, na nadhani hapo ndipo penye mzizi wa kisa chote.

Dola saba kwa mwezi

Ohio iliruhusu mikopo hii katikati ya miaka ya 1990, kwa sheria maalumu iliyowatoa wakopeshaji wa hundi nje ya ukomo wa kawaida wa riba. Utaratibu wake unajulikana: unaandika hundi ya tarehe ya mbele, unapewa fedha taslimu, na mshahara ukiingia hundi inapelekwa benki. Usipoweza kulipa yote kwa mkupuo, unalipa ada na kukopa tena. Kufikia 2008 maduka hayo yalikuwa kama 1,600 katika jimbo moja. Msomaji wa Dar es Salaam anayeijua mikopo ya kausha damu, au wa Nairobi aliyewahi kukopa kwenye simu ili alipe mkopo mwingine wa simu, hahitaji kuelezwa zaidi yanayotokea hapo.

Mwakilishi Chris Widener wa Springfield, wa chama cha Republican, ndiye aliyebeba muswada wa 2008. Ulifuta ile sheria ya hundi na kuweka mpya: mkopo usizidi dola 500, muda usipungue siku 31, mtu asipewe zaidi ya mikopo minne kwa mwaka, na riba isizidi asilimia 28. Ukiusoma leo unaona watu waliodhamiria kukomesha jambo.

Tupige hesabu ambayo ingepaswa kupigwa mbele ya kamati siku ile. Mkopo wa dola 300 kwa siku 31, kwa asilimia 28 ya mwaka, unazaa dola 7 na senti 13. Katika hizo dola saba mkopeshaji alipe pango la duka, karani, umeme, na afidie wale wasiorudisha kabisa. Haiwezekani. Hakuna duka litakalofunguliwa kwa dola saba. Sisemi hivyo kuwatetea. Nasema hivyo kwa sababu mbunge aliyeijua hesabu hii angejua pia kwamba amebakiwa na mawili tu. Ama biashara hii ife kabisa, na hapo ni lazima azibe kila njia nyingine ya kuiendesha. Ama iendelee kwa bei ya haki, na hapo aweke bei inayoweza kulipa gharama halisi za kukopesha kiasi kidogo. Sheria ya 2008 haikufanya la kwanza wala la pili. Iliweka bei ya kuua, na ikaacha milango wazi.

Milango yenyewe haikufichwa. Ohio ilikuwa na sheria ya mikopo midogo. Ilikuwa na sheria ya mikopo ya rehani, ambayo licha ya jina lake ilimruhusu mwenye leseni kutoa hata mkopo usio na dhamana, na kutoza ada juu ya riba. Wakopeshaji walibadilisha leseni ukutani. Ule mkopo wa dola 500 nilioanza nao ulitolewa chini ya sheria ya rehani, bila nyumba yoyote kuwekwa rehani. Baadaye wengi wakahamia mlango wa tatu, mpana zaidi: sheria ya mashirika ya huduma za mikopo, iliyokusudiwa kuwadhibiti watu wanaodai kukusafishia rekodi yako ya mikopo. Chini ya sheria hiyo, duka linajiita dalali. Linakutafutia mkopo kwa kampuni nyingine, kampuni ile inakutoza riba isiyopita ukomo, na dalali anakutoza ada yake, ambayo haikuwa na ukomo wowote. Kwa mkopaji hakuna kilichobadilika, ni kaunta ileile. Tofauti ni kwamba sasa kwenye karatasi zake kuna jina la pili.

Kuhusu ile sheria iliyopigiwa kura na asilimia 64, hakuna mkopeshaji hata mmoja aliyefanya biashara chini yake. Jaji Paul Pfeifer, katika maoni yake ya ziada kwenye hukumu ya 2014, aliandika kana kwamba anawahoji wabunge ana kwa ana. Aliuliza imekuwaje bunge lijipange kudhibiti biashara yenye utata namna hii na lisifanikishe chochote. Akauliza kama washawishi walikuwa werevu kuliko watunga sheria. Hukumu ilimpa ushindi mkopeshaji, kwa sababu jaji anahukumu kwa maandishi yaliyopo, lakini swali lake lilikuwa la haki kabisa na lilihitaji jibu kutoka bungeni.

Somo la pili

Jibu lilianza kuja Machi 2017, na kwa bahati lilitoka tena Springfield. Kyle Koehler, mfanyabiashara wa kiwanda, mwakilishi wa Republican, aliungana na Michael Ashford, Democrat wa Toledo, wakawasilisha muswada namba 123. Kati ya wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waliopiga kura 2008, ukomo wa mihula ulikuwa umeshawaondoa karibu wote. Darasa lilianza upya, na wanafunzi wapya.

Safari hii walikuwepo walimu wengine mbali na washawishi wa wakopeshaji. Taasisi ya utafiti ya Pew ilikuwa imetumia miaka kadhaa kuchunguza mikopo midogo katika majimbo mbalimbali, na ilikuja na jambo ambalo naliona lilikuwa na nguvu kuliko malalamiko yote: ulinganisho wa bei. Mkopo wa kawaida Ohio ulifikia asilimia 591 kwa mwaka, ghali kuliko jimbo lolote Marekani. Mtu aliyekopa dola 300 kwa miezi mitano alilipa ada za dola 680. Mkopo kama huo huko Colorado, jimbo lililorekebisha sheria yake mwaka 2010, uligharimu kama robo ya hapo. Na baadhi ya waliokuwa wakikopesha Colorado ni kampuni zilezile zilizokuwa Ohio.

Ulinganisho huo unafanya kazi ya aina gani kichwani mwa mbunge? Hoja kuu ya wakopeshaji, katika kila bunge, ni kwamba mkidhibiti bei tutafunga, na mtu ambaye benki imemkataa atakosa pa kukimbilia gari lake likiharibika. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mtu mwenye kipato kidogo katika mji usio na usafiri wa umma wa maana, gari likilala, kazi nayo imelala. Mbunge mwenye moyo anaiogopa hoja hii kuliko anavyoogopa magazeti. Huwezi kuijibu kwa kumwambia kwamba asilimia 591 ni dhuluma. Anajua ni dhuluma, na bado anamfikiria yule mwenye gari. Unaijibu kwa kumwonyesha mahali ambapo bei ilishuka na mikopo ikaendelea kupatikana. Colorado maduka yalipungua kwa karibu nusu, lakini yaliyobaki yalihudumia wateja wengi zaidi kila moja. Hapo mbunge anaelewa kitu kipya: tatizo mojawapo lilikuwa maduka mengi mno yanayogawana wateja wachache, na ada kubwa zilikuwa zinalipia pango la maduka yasiyohitajika.

Pamoja na watafiti walikuja wachungaji wa makanisa, wafanyabiashara wa mijini, vyama vya maendeleo ya jamii na watu waliokopa wenyewe. Katika utaratibu wa Ohio kamati humsikiliza kwanza mleta muswada, kisha wanaounga mkono, kisha wanaopinga, na kila mmoja huwasilisha maelezo yake kwa maandishi. Ni utaratibu mzuri wa kufundishia, kwa sharti kwamba wanaofika kutoa ushahidi wasiwe wa upande mmoja. Mkopaji anayeeleza jinsi mkopo wa dola mia chache ulivyomkaa shingoni kwa miezi anampa mbunge sababu ya kujali. Mtafiti anampa namba. Bado alihitajika mtu wa tatu, wa kumwonyesha milango ya leseni mmojammoja na kumwambia huu msipoufunga watapitia hapa. Katika kazi zote tatu, hii ya mwisho ndiyo iliyokosekana 2008, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi zaidi.

Matokeo yake yanaonekana ndani ya sheria yenyewe. Riba ilibaki asilimia 28, ileile wananchi waliyoikubali. Lakini sasa mkopeshaji aliruhusiwa kutoza ada ya kila mwezi, asilimia 10 ya mkopo au dola 30, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Juu ya yote likawekwa paa moja: riba na ada zote kwa jumla zisizidi asilimia 60 ya kiasi kilichokopwa. Mkopo usizidi dola 1,000, muda usizidi mwaka. Ukikopa chini ya siku 91, malipo ya mwezi yasizidi asilimia 6 ya kipato chako kabla ya makato au asilimia 7 baada ya makato. Kuweka kadi ya umiliki wa gari kuwa dhamana kukapigwa marufuku. Mkopaji akapewa siku tatu za kubadili mawazo na kurudisha fedha bila gharama.

Rudia mfano wa dola 300 kwa miezi mitano. Ada ya mwezi ni dola 30, kwa hiyo 150. Riba ya asilimia 28 juu ya deni linalopungua kila mwezi ni kama dola 20. Jumla ni karibu dola 170, badala ya 680. Hata hesabu ikiharibika vipi, paa la asilimia 60 linasimama kwenye dola 180. Mkopeshaji anapata kitu cha kuendeshea duka, na mkopaji anajua tangu siku ya kwanza kiwango cha juu kabisa atakacholipa. Naipenda sana kanuni hii ya paa kwa sababu haihitaji mtu aelewe asilimia za mwaka. Umekopa mia tatu, hutadaiwa zaidi ya mia nne na themanini. Bibi yeyote sokoni anaielewa, na mbunge anaweza kuisimamia jukwaani bila karatasi.

Na milango? Dalali alizuiwa kushughulikia mkopo ulio chini ya dola 5,000, au wa muda wa mwaka mmoja au pungufu, au wenye gharama ya zaidi ya asilimia 28. Ukizitazama namba hizo utaona zimepangwa na mtu aliyejua hasa wapi maji yalikuwa yanavuja.

Mwaka mzima ndani ya droo

Ningependa kusema kwamba hoja nzuri ilishinda kwa ubora wake. Haikuwa hivyo, na kulificha hilo kungemdanganya yeyote anayejiandaa kwenda kuwaelimisha wabunge mahali pengine. Muswada wa Koehler na Ashford ulikaa kwenye kamati zaidi ya mwaka. Vikao vilifanyika, ushahidi ukasikilizwa, kura haikupigwa. Wenye chama tawala walikuwa wanafikiria marekebisho ambayo yangeurudisha karibu na hali ya zamani.

Aprili 2018 Spika wa Baraza la Wawakilishi, Cliff Rosenberger, alijiuzulu huku wapelelezi wa shirikisho wakichunguza shughuli zake, zikiwemo safari za nje alizokwenda ambako washawishi wa wakopeshaji nao walikuwepo. Yeye alisisitiza kwamba matendo yake yote yalikuwa halali na ya kimaadili. Baada ya hapo upepo ulibadilika. Kamati ilipiga kura upesi, muswada ukatoka. Kisha Baraza likakwama kwa wiki kadhaa kwa sababu lilishindwa kumchagua spika mpya, na halikuweza kupitisha chochote. Spika akapatikana tarehe 6 Juni. Kesho yake muswada ukapita kwa kura 71 dhidi ya 17. Seneti ikaurekebisha na kuupitisha Julai kwa 21 dhidi ya 9, Baraza likaafiki, na Gavana John Kasich akausaini kabla mwezi haujaisha. Nje ya bunge kulikuwa na shinikizo jingine: muungano wa wananchi ulikuwa umeanza kukusanya saini ili suala lipelekwe tena kwa wapiga kura, safari hii kama kipengele cha katiba, ambacho wabunge wasingeweza kukilegeza.

Kwa hiyo elimu haikuufungulia muswada mlango. Ulifunguliwa na kashfa na hofu ya kura. Lakini tazama kilichopitishwa ulipofunguka. Mwaka 2008 nako kulikuwa na hasira ya wananchi na mlango wazi, na kilichopita kilikuwa sheria tupu. Mwaka 2018, wakati wa haraka ulipofika, kulikuwa na muswada uliokwisha kupikwa, wenye hesabu zinazosimama, na idadi ya kutosha ya wabunge waliokaa kwenye vikao vile na kuelewa kila kifungu kilikuwa hapo kwa nini. Walijua marekebisho yapi yangeacha mwanya upi. Miezi ile kumi na mbili na zaidi ya vikao bila kura, iliyoonekana kupotea bure, ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Kenya ilipitia sehemu ya somo hili kwa njia yake. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alisaini sheria iliyoweka ukomo wa riba za benki, pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Ilipendwa sana na wananchi, na kwa sababu nilizozieleza naielewa hasira iliyoizaa. Lakini wakopaji wadogo walionekana hawalipi gharama zao chini ya bei hiyo, benki zikaona afadhali kuikopesha serikali, na wakopeshaji wa simu, ambao sheria haikuwagusa, wakapokea waliokataliwa. Ukomo ulifutwa Novemba 2019. Wakopeshaji wa kidijitali hawakuwekwa chini ya Benki Kuu hadi sheria ya mwishoni mwa 2021. Walichokumbana nacho wabunge wa Nairobi ni kilekile cha Columbus 2008: bei iliyowekwa bila kuuliza mkopaji atakwenda wapi akifungiwa.

Yasiyofika Columbus

Sheria mpya ilianza kuhusu mikopo yote iliyotolewa tangu mwishoni mwa Aprili 2019. Maduka mengi yalifungwa, mengine yakaomba leseni chini yake na yanaendelea. Safari hii, sheria ilipata wa kuitii. Columbus ina jamii kubwa ya Wasomali, wakiwemo waliopitia kambi za Kenya na wanaozungumza Kiswahili, pamoja na Wakongomani, na watu wapya nchini wasio na rekodi ya mikopo ni miongoni mwa wale ambao benki huwakataa kwanza. Kwao mabadiliko haya si habari ya mbali.

Kuna mambo ambayo bunge la jimbo haliwezi kuyafikia, na anayewafundisha wabunge asiwafiche. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya shirikisho ya mwaka 1978, benki yenye makao katika jimbo moja inaweza kumtoza mteja wa jimbo jingine riba inayoruhusiwa kwao. Kampuni ya mikopo ikishirikiana na benki ya jimbo lisilo na ukomo, inaweza kumfikia mkazi wa Ohio kupitia simu yake kwa bei ambayo duka la Springfield limekatazwa. Jimbo lina nafasi ndogo hapo: linaweza kuhoji kama benki ndiyo mkopeshaji wa kweli au ni jina tu lililokodishwa.

Na tayari kuna bidhaa mpya mezani. Programu za simu zinampa mfanyakazi sehemu ya mshahara alioufanyia kazi kabla ya siku ya malipo, kwa ada ya kuharakisha na bakshishi ya hiari. Je, huo ni mkopo? Mwaka 2023 Nevada ilitunga sheria ya leseni inayosema si mkopo. Mwaka uo huo Connecticut ikaziingiza ada hizo ndani ya ukomo wake wa mikopo midogo. Majibu mawili yanayopingana, na kila bunge litaletewa la kulipenda na wenye bidhaa.

Wengi wa waliopiga kura Columbus mwaka 2018 wameshafikia ukomo wa mihula katika Baraza la Wawakilishi. Kilichobaki kwa wanaoingia ni kile kifungu ambacho magazeti hayakukitilia maanani: kila mwenye leseni analazimika kuwasilisha taarifa ya mwaka kwa msimamizi wa taasisi za fedha wa jimbo, ya biashara aliyoifanya chini ya sheria hii. Mbunge mpya hahitaji kusubiri mshawishi amweleze hali ya mikopo ikoje. Anaweza kuomba taarifa hizo, akaanza kuhesabu.